Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Seli za Kongosho katika Mapokeo ya Mataifa Sita

Katika ua wa nyumba ya dada yangu, Tanga, kuna mtungi usiotiwa maji ya kunywa. Umefukiwa hadi shingoni katika mchanga, na mchanga huo hunyweshwa maji asubuhi na jioni kama mche wa mnazi. Ndani yake, juu ya kitambaa kikavu, vimelazwa vichupa vya insulini vya mpwa wangu, binti wa miaka 14 mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Friji ipo ndani, lakini umeme ukikatika usiku kucha, mtungi ndio unaotegemewa.

Likizo iliyopita binti huyo alinijia na simu mkononi. "Mjomba, huku wanasema kuna watu wamepandikizwa seli, hawachomi tena sindano. Ni kweli?"

Nikamjibu kuwa ni kweli, ingawa bado ni wachache. Uso wake ukachangamka. Mama yangu, aliyekuwa ameketi mkekani akichambua mchele, akauliza bila kuinua macho: "Na hizo seli, mwanangu, wanazitoa kwa nani?"

Siku ile nilidhani swali la mtoto ndilo la sayansi, na swali la bibi yake ni la adabu tu. Nimesoma mengi tangu hapo, na sasa naona kinyume chake. Ukiyaweka pamoja mapokeo ya utafiti wa Kanada, Japani, Marekani, China, Nyuzilandi na Uswidi, utakuta yote yanatafuta jambo moja, yaani seli hai itakayotoa insulini ndani ya mwili wa mgonjwa. Yanapoachana ni pale pale alipogusa mama: seli ni ya nani? Na kila taifa limejibu kwa kadiri ya sheria yake, imani yake na namna linavyowatazama wafu wake.

Visiwa na wakazi wake

Tuanze na mahali penyewe. Mwaka 1869, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisomea udaktari Berlin, Paul Langerhans, alilichunguza kongosho kwa hadubini akaona vifungu vidogo vya seli vilivyotawanyika na visivyofanana na nyama iliyovizunguka. Hakujua kazi yake. Mwaka 1893 Mfaransa Laguesse alivipa jina ambalo msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa: visiwa vya Langerhans. Mtu mzima anavyo kama milioni moja, na vyote pamoja ni sehemu ndogo sana ya uzito wa kongosho, asilimia moja au mbili tu. Ndani ya visiwa hivyo ndimo zinamoishi seli beta, zenye kazi ya kupima sukari ya damu na kumwaga insulini inayotosha, pasipo kuzidi wala kupungua.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, askari wa mwili, yaani kinga, huwageukia wakazi hao na kuwaua. Insulini ya sindano huokoa maisha, na tangu kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipochomwa kwa mara ya kwanza Toronto, Januari 1922, imeokoa mamilioni. Lakini insulini ya sindano ni chakula kilichokwisha pakuliwa, na seli beta ni mpishi. Mpishi hutazama wageni wangapi wamekuja, akaongeza au akapunguza. Chakula kilichopakuliwa hakijui kama umekula wali au umelala njaa. Ndiyo maana mama wa mtoto mwenye kisukari huamka saa nane za usiku kumgusa paji la uso, asije akawa analowa jasho la sukari iliyoshuka.

Wazo la kumleta mpishi mgeni ni la zamani kuliko insulini yenyewe. Desemba 1893, mjini Bristol, Uingereza, daktari Watson-Williams alipandikiza vipande vya kongosho la kondoo chini ya ngozi ya mvulana wa miaka 15 aliyekuwa akielekea kufa. Mvulana alifariki siku tatu baadaye. Wazo likalala miaka mingi, hadi 1967, pale Paul Lacy wa St. Louis, Marekani, alipofanikiwa kuvitenganisha visiwa vya panya kutoka katika kongosho kwa kimeng'enya kinachoyeyusha nyama inayovishikilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 panya wenye kisukari walipandikizwa visiwa, sukari yao ikatulia, na ikaonekana kuwa ini ni makao mazuri: visiwa humiminwa katika mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini, navyo hukwama humo na kuota mizizi.

Methali yetu inasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui methali nyingine inayoeleza tiba hii kwa ukamilifu kiasi hicho. Lakini mgeni ana kwao, mgeni ana gharama, na mgeni lazima atambuliwe kwa hadhi fulani. Kwa hiyo nitayalinganisha mapokeo haya kwa vigezo vitatu: mgeni ametoka wapi, mwenyeji hulipa nini kumweka, na serikali inamwandika kwa jina gani.

Mgeni ametoka wapi?

Kanada ilijibu: kwa wafu. Mwaka 2000 kundi la James Shapiro katika Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton, lilitangaza kuwa wagonjwa saba waliomiminiwa visiwa vya watu waliokufa, wote saba walikuwa wameacha kuchoma insulini. Kabla ya hapo, mafanikio ya namna hiyo yalikuwa ya nadra. Siri ilikuwa katika mambo mawili. Waliacha dawa za steroidi, ambazo zenyewe hupandisha sukari, wakatumia mchanganyiko mwingine wa dawa za kufifisha kinga. Tena hawakuogopa kumpa mgonjwa mmoja visiwa vya maiti wawili au zaidi, hadi vitoshe.

Hapo pana uzuri na pana ukomo. Uzuri ni ule wa zawadi: familia iliyofiwa inakubali, na mgonjwa asiyewajua anapona. Ukomo ni hesabu. Ikiwa aliye hai mmoja anahitaji wafu wawili, hakuna taifa litakalotosheleza wagonjwa wake. Mapokeo ya Edmonton yamejengwa juu ya jamii iliyokwisha kukubali kwamba mtu ambaye ubongo wake umekufa ameshakufa, hata kama kifua chake kingali kikipanda na kushuka kwa mashine.

Japani haikukubali jambo hilo kwa wepesi. Mwaka 1968, mjini Sapporo, upandikizaji wa kwanza wa moyo nchini humo ulizua mashaka mazito kama aliyetolewa moyo alikuwa amekufa kweli, na mashaka hayo yakaufunga mlango kwa karibu miaka 30. Sheria ya mwaka 1997 ilipoufungua, iliufungua kidogo: marehemu awe ameandika mwenyewe kabla ya kufa, na familia nayo ikubali. Watoaji wakawa wachache mno. Basi madaktari wa Kyoto wakageukia walio hai. Januari 2005, mama wa miaka 56 alikatwa sehemu ya kongosho lake, visiwa vikatenganishwa, akamiminiwa binti yake wa miaka 27, ambaye kongosho lake liliharibiwa na uvimbe wa muda mrefu. Siku ya 22 binti akaacha insulini. Katika kazi hiyo Shapiro wa Edmonton alishirikiana na Wajapani. Utaalamu ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mkono uliotoa, kwa kuwa desturi ya mahali ilikuwa imeelekeza kwa mama.

Swali la kimaadili halikupungua kwa sababu hiyo, lilihama tu. Mtu mzima wa afya akikatwa kongosho, naye anaweza kuja kupata kisukari. Upendo wa mama ulitoa jibu kwa binti mmoja, lakini hakuna daktari anayeweza kuufanya upendo huo uwe mpango wa taifa.

Mapokeo ya tatu na ya nne napenda kuyaweka pamoja, kwa sababu yalizaliwa na baba wawili.

Wa kwanza ni Douglas Melton wa Chuo Kikuu cha Harvard, karibu na Boston, aliyekuwa mtafiti wa viinitete vya vyura. Mwaka 1991 mtoto wake wa kiume, Sam, aligundulika na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miezi sita. Miaka kumi baadaye, dada yake, Emma, naye akapata ugonjwa huo huo akiwa na miaka 14. Melton aliacha vyura akaanza kutafuta namna ya kuzalisha seli beta kutokana na seli shina za viinitete vya binadamu, zenye uwezo wa kugeuka seli za aina yoyote na zilizotoka katika viinitete vilivyobaki kwenye kliniki za uzazi. Agosti 2001, Rais George W. Bush alizuia fedha za serikali kuu kutumika kwa seli shina mpya za viinitete, kwa kuwa Wamarekani wengi waliona kuwa kiinitete ni mtu. Melton akatafuta fedha za watu binafsi, akatengeneza aina 17 za seli hizo, na mwaka 2004 akazitoa kwa wanasayansi wenzake bila kuwauzia. Mwaka 2014 kundi lake lilitangaza kuwa limeweza kuzikuza seli shina hadi kuwa seli beta zinazoitikia sukari, kwa wingi unaofaa tiba. Kampuni aliyoianzisha aliiita Semma, jina lililounganisha Sam na Emma.

Wa pili ni Shinya Yamanaka wa Kyoto. Naye ni baba, ana mabinti wawili. Amesimulia kwamba alitazama kiinitete katika hadubini ya rafiki yake kwenye kliniki ya uzazi, akaona kuwa tofauti kati ya kile kiinitete na mabinti zake ni ndogo mno, na hapo akadhamiria kutafuta njia nyingine. Mwaka 2006 alionyesha kuwa seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa utotoni kwa kuingiziwa jeni nne tu, mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza.

Baba wawili, wote wanasayansi, wote wakiongozwa na mapenzi ya watoto wao. Mmoja mapenzi hayo yalimpeleka kwenye kiinitete, mwingine yakamwondoa hapo. Simwoni yeyote kati yao aliyekosa utu. Melton alikuwa na watoto wanaoumwa mbele ya macho yake. Yamanaka aliwaona watoto wake katika kitu ambacho wengine walikiona kama tone tu. Anayedhani kuwa maadili ni breki ya sayansi na atazame hapa: wasiwasi wa Yamanaka ndio uliompeleka kwenye ugunduzi ambao huenda asiyekuwa na wasiwasi asingeutafuta.

China iliupokea ugunduzi huo na kuupitisha katika mkondo wake. Deng Hongkui wa Chuo Kikuu cha Peking, mjini Beijing, hakutaka kuingiza jeni ngeni katika seli ambazo zitarudi mwilini mwa mtu. Yeye na wenzake walitafuta michanganyiko ya kemikali inayofanya kazi ile ile: wakafaulu kwa panya mwaka 2013, na kwa seli za binadamu mwaka 2022. Juni 2023, mjini Tianjin, mwanamke wa miaka 25 mwenye kisukari cha aina ya kwanza alipandikizwa visiwa vilivyokuzwa kutokana na seli za mafuta ya mwili wake mwenyewe. Siku ya 75 akaacha insulini, na taarifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kuwa mwaka ulikwisha kupita naye angali hivyo. Visiwa hivyo havikuwekwa katika ini, viliwekwa chini ya utando wa misuli ya tumbo, ambako madaktari wanaweza kuvitazama kwa picha na kuviondoa vikileta madhara. Hapa swali la mama limepata jibu lisilomhusisha mtu wa pili: seli ni za mgonjwa mwenyewe.

Uswidi nitaifikia baadaye. Imebaki Nyuzilandi, na jibu lake litawagusa wasomaji wengi wa pwani: nguruwe. Insulini ya nguruwe imekaribiana sana na ya binadamu, na kabla ya insulini ya kibinadamu kuanza kuuzwa mwaka 1982, wagonjwa duniani kote, Waislamu wakiwemo, walichomwa insulini ya nguruwe na ya ng'ombe. Bob Elliott wa Auckland aliwatafuta nguruwe walioachwa na mabaharia karne ya 19 katika visiwa vya mbali kusini mwa nchi yake, waliokaa peke yao kizazi baada ya kizazi bila kupata virusi vingi vinavyowasumbua nguruwe wa mabandani. Mwaka 1996 mgonjwa mmoja alipandikizwa visiwa vya nguruwe, na miaka zaidi ya tisa baadaye baadhi ya seli zilikutwa bado hai. Lakini serikali ya Nyuzilandi yenyewe ilikuwa imesimamisha majaribio hayo kwa miaka kadhaa, ikichelea ugonjwa wa mnyama usije ukavuka kwa watu.

Mwislamu atasema nini? Mkutano wa Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu uliofanyika Jeddah Februari 1988 uliruhusu upandikizaji wa viungo vya binadamu kwa masharti, na wanazuoni wengi huupima mwili wa nguruwe katika tiba kwa kanuni ya dharura: lililokatazwa huruhusiwa pale uhai unapohatarishwa na pasipokuwa na njia nyingine. Kanuni hiyo ina makali yake. Njia ya Boston na ya Beijing ikikomaa, dharura ya Auckland itafifia, maana njia nyingine itakuwa imepatikana. Hivyo fikihi nayo inausoma utafiti huu, na hukumu yake inategemea maendeleo ya maabara za wengine.

Mwenyeji hulipa nini?

Kigezo hiki ndicho kizito kuliko vyote kwa mgonjwa, lakini ndicho kinachotajwa kwa haraka zaidi katika habari za furaha. Kinga ya mwili haimtaki mgeni. Ili abaki, lazima mwenyeji anywe dawa za kufifisha kinga maisha yake yote. Dawa hizo huongeza hatari ya maambukizi na ya saratani, na baadhi yake huumiza figo, wakati kisukari chenyewe tayari ni adui wa figo. Ndiyo maana hadi leo tiba ya Edmonton imelengwa zaidi kwa watu wazima ambao sukari yao hushuka ghafla hadi kuzimia, bila dalili ya kuwaonya.

Tena mgeni mwenyewe huchoka. Jaribio la kimataifa la njia ya Edmonton lililotangazwa mwaka 2006 liliwahusisha wagonjwa 36 katika vituo tisa. Baada ya mwaka mmoja, 16 walikuwa hawachomi insulini. Baada ya miaka miwili, katika hao 16 walibaki watano. Mtu akisoma hesabu hiyo juu juu atasema tiba imeshindwa. Lakini wengi waliorudia sindano walikuwa bado na visiwa vinavyofanya kazi kiasi, na hawakuwa tena wakianguka kwa sukari kushuka. Aliyewahi kuzimia barabarani anajua thamani ya kutozimia, hata kama sindano imebaki.

Mapokeo ya Boston yamesogeza matokeo mbele bila kuiondoa gharama. Kampuni ya Vertex ilinunua Semma mwaka 2019, na Juni 2025 ikatoa taarifa ya wagonjwa 12 waliomiminiwa kipimo kamili cha visiwa vilivyokuzwa kutokana na seli shina. Baada ya mwaka, 10 walikuwa wameacha insulini, na wote 12 walikuwa wameepukana na zile ajali kubwa za sukari kushuka. Chanzo kimoja cha seli kinaweza kuwahudumia wagonjwa wengi, na hesabu ya maiti wawili kwa mgonjwa mmoja imevunjika. Hata hivyo katika jaribio hilo watu wawili walifariki, mmoja wao kwa homa ya uti wa mgongo ya kuvu, maradhi yanayojulikana kumvamia mtu ambaye kinga yake imedhoofika. Sitaji kifo hicho kwa kutia hofu. Nakitaja kwa sababu ugonjwa huo tunaujua vizuri katika hospitali zetu, tumeuona kwa wagonjwa wa Ukimwi.

Je, seli za mtu mwenyewe, kama za Tianjin, hazimalizi tatizo? Bado haijathibitika. Mwanamke yule alikuwa tayari anatumia dawa za kufifisha kinga kwa sababu aliwahi kupandikizwa ini. Na katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga iliwaua wenyeji halisi wa visiwa. Nani ataizuia isiwaue ndugu zao waliozaliwa upya?

Nyuzilandi ilijaribu kumjengea mgeni nyumba. Visiwa vya nguruwe vilifungwa katika vijidonge vya alginati, utomvu wa mwani wa kahawia, vyenye matundu yanayopitisha sukari na insulini lakini yanayozuia askari wa kinga. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hulima mwani wa jamii nyingine, lakini nadhani watafurahi kujua kuwa bahari imechangia jambo hili. Wazo ni zuri, ila mwili huizungushia nyumba hiyo ukuta wa kovu, na mgeni aliyekosa hewa hafi kwa upanga, hufa kwa kukabwa.

Uswidi imechukua njia ya mwisho: kumvisha mgeni nguo za mwenyeji. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Uppsala, kundi la Per-Ola Carlsson lilichukua visiwa vya mtu aliyekufa, kama Edmonton, kisha zikazimwa jeni mbili ambazo husaidia kinga kumtambua mgeni, na ikaongezwa protini moja inayowaambia askari wa kinga "msile". Seli hizo, zilizotengenezwa na kampuni ya Sana, zilidungwa katika misuli ya mkono wa mwanamume wa miaka 42 aliyeishi na kisukari tangu utotoni. Hakupewa dawa yoyote ya kufifisha kinga. Taarifa ya Agosti 2025 ilieleza kuwa baada ya wiki 12 seli zilizobadilishwa kikamilifu zilikuwa hai na zilikuwa zikitoa insulini. Kipimo kilikuwa kidogo kwa makusudi, kwa hiyo aliendelea na sindano. Mtu mmoja, wiki 12: ni ushahidi mwembamba. Lakini katika miaka zaidi ya 130 tangu Bristol, hapa ndipo mgeni wa kisiwa alipopokewa bila mwenyeji kuvuliwa silaha wala mgeni kujengewa nyumba.

Kiungo au dawa?

Kigezo cha tatu kinaonekana cha makarani, kumbe kinaamua nani atatibiwa. Kanada na Uingereza ziliviweka visiwa vya marehemu katika kundi la viungo, pamoja na figo na ini. Hospitali ikiwa na utaalamu, mfumo wa afya wa umma hugharamia, na Uingereza ilianza kufanya hivyo mwaka 2008. Marekani iliviita dawa ya kibiolojia, na dawa lazima iwe na kampuni, kiwanda na kibali. Matokeo yake, kibali cha kwanza cha visiwa vya marehemu kilitoka Juni 2023, kwa kampuni moja ya Chicago, miaka 23 baada ya Edmonton, ilhali majaribio mengi ya awali yalifanyika Marekani. Baadhi ya wapandikizaji wa Marekani wenyewe wamepinga hadharani, wakisema kuwa zawadi ya marehemu haipaswi kugeuzwa bidhaa.

Nami nakubaliana nao kuhusu visiwa vya marehemu. Lakini seli iliyokuzwa maabara na kunakiliwa mara zisizohesabika, au iliyobadilishwa jeni, si kiungo cha mtu fulani tena, na inahitaji ulinzi mkali wa dawa. Jina linapaswa kufuata asili. Swali la mama linarudi tena: ukijua imetoka kwa nani, utajua ihukumiwe kwa sheria gani.

Na kwetu?

Ukiyatazama mapokeo haya sita kwa pamoja, jambo moja linajirudia. Hakuna lililofika mbali kwa kuiga tu. Woga wa Wajapani juu ya kifo cha ubongo uliwapeleka kwa mama aliye hai. Kizuizi cha Marekani kilimfanya Melton ajenge maabara nje ya fedha za serikali. Upekee wa visiwa vya kusini uliwapa Wanyuzilandi nguruwe wasio na virusi vingi. Kikwazo cha mahali kiligeuka swali, na swali likazaa njia.

Afrika Mashariki ina vikwazo vyake, na tusiviite unyonge. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zimo katika orodha ya mwaka 2021–2025 ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Tiba inayomtaka kijana afifishe kinga yake maisha yote ina hatari kubwa zaidi kwake Tanga kuliko Boston. Hilo si suala la umaskini pekee. Hata tungepewa bure, hatari ingebaki. Kwa hiyo katika njia zote sita, njia ya Uppsala, ya mgeni asiyedai silaha za mwenyeji, ndiyo ninayotaka madaktari wetu waifuatilie kwa karibu, waiulize maswali, na wadai kushiriki majaribio yake yatakapopanuka. Maana seli hizo zitakutana na kifua kikuu na malaria katika miili yetu, na hakuna atakayetujibia swali hilo kwa kukisia.

Wala hatuanzi patupu. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, na watoaji wa figo kwetu ni ndugu walio hai. Bila kujua, tumesimama karibu zaidi na Kyoto kuliko Edmonton. Na watafiti wa Geneva walioshirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka walichukua joto halisi la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya, wakalirudia katika maabara, na mwaka 2021 wakaonyesha kuwa insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu. Swali hilo lisingezaliwa katika nchi ambayo kila nyumba ina friji. Lilizaliwa kwetu, na jibu lake limewafaa wagonjwa wa dunia nzima wasio na umeme.

Nilirudi Tanga nikiwa na majibu yangu. Nikamweleza mama, mmoja baada ya mwingine: maiti wa Edmonton, mama wa Kyoto, viinitete vya Boston, mafuta ya binti wa Tianjin, nguruwe wa visiwani, mkono wa yule bwana wa Uppsala. Alisikiliza hadi mwisho. Kwa mama wa Kyoto aliguna, akasema, "Hata mimi ningetoa." Kwa nguruwe alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza itachukua miaka mingapi.

Nikamwambia ukweli: sidhani ni mwaka huu, wala ujao.

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Mama akamtazama, akainuka kwa shida akishika goti, akachukua kata ya maji, akaenda uani kuunywesha mchanga wa mtungi. Binti akamfuata. Bibi akampa kata.